Vidani 60 vya mbegu na nyasi: shajara ya mradi

3 Juni

Gunia la tagua limefika. Kilo 20 kutoka Manabí, pwani ya Ekuador. Tulipolimwaga juu ya turubai kila mmoja wetu aliokota moja akaipimapima kiganjani, kwa sababu ukiishika mara ya kwanza huamini kwamba ni mbegu. Ni nzito kama kokoto ya mtoni, imevaa ngozi nyembamba ya kahawia, na ukiikata ndani ni nyeupe kama maziwa, ngumu, baridi, kama pembe ya ndovu. Jina la kitaalamu la mti wake, Phytelephas, kwa Kigiriki maana yake ni mmea-tembo. Aliyelitunga bila shaka alikuwa na kipande cha mbegu hii mkononi.

Mpango wetu ni vidani 60, pamoja na hereni na bangili za kufuatana navyo, vikamilike mwisho wa mwaka. Malighafi kuu ni tatu: tagua, punje za Coix, mmea wa jamii ya nyasi ambao punje zake wengi huziita machozi ya Ayubu, tulizozipanda wenyewe mwezi Machi, na nyasi za dhahabu za Jalapão, Brazil, ambazo hazitapatikana kabla ya Septemba. Karakanani tuko watano. Mimi naandika, nahesabu na kupiga msasa. Fundi wetu wa mafundo, ambaye sote tunamwita Mama, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila kinachotoka mlangoni.

Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza, kila mkono uliogusa kidani uwe umelipwa bei ambayo mwenye mkono huo aliikubali mwenyewe. La pili, kila mmea uliotupa kitu uwe na uwezo wa kukitoa tena msimu ujao.

6 Juni

Leo nimezungumza kwa simu, kupitia mkalimani, na dada anayeratibu waokotaji wa tagua. Nilitaka kuuliza maswali ya kawaida: unyevu, ukubwa, gunia lijalo lini. Yeye akaanza na mti.

Mti wa tagua ni wa jamii moja na mnazi na mchikichi. Kuna miti dume na miti jike, na jike peke yake ndiyo huzaa. Mche hukaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kutoa kichala cha kwanza, kikubwa, kilichojaa miiba. Ndani ya mbegu changa mna maji, kama dafu. Baadaye maji hugeuka utandu laini wa kutetemeka, kisha polepole huwa hiki kitu kigumu tunachokikata kwa msumeno. Kikikomaa kichala hupasuka, mbegu zinaanguka chini zenyewe, na mwokotaji huinama na kuzichukua. Mti haukatwi, haukwewi, hauguswi. Wala hawaokoti zote: aguti na wanyama wengine wagugunaji huzibeba na kuzifukia, na zile wanazozisahau huchipua kuwa miche.

Nikamuuliza, basi uharibifu hutokea wapi? Akasema hutokea nyumba inapokuwa na deni. Mtu mwenye deni hawezi kungoja kichala kipasuke. Atakikata kikiwa kibichi, na mbegu hizo zikikaushwa husinyaa na kuchanika, kwa hiyo mnunuzi atazikataa, kwa hiyo atakata vingine.

Tuliwalipa nusu ya fedha kabla ya mbegu kuokotwa, bila riba. Nilifanya hivyo kwa sababu ni moja ya kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO: mnunuzi wa kazi za mikono akiombwa, atoe malipo ya awali yasiyopungua asilimia 50. Nilikuwa nimeihesabu kama jambo la uhasibu. Sasa naona kwamba ile nusu ndiyo iliyouacha mti utulie. Fedha ikitangulia, mwokotaji anaweza kungoja mbegu ianguke. Ikichelewa, panga linapanda mtini. Masharti yangu mawili ya juzi ni sharti moja.

11 Juni

Fukusi. Katika kuchambua nimekuta mbegu 31 zenye vitundu vidogo kama ncha ya sindano, na unga mweupe chini yake. Tukiziacha, zitaambukiza gunia zima, na baya zaidi, mdudu anaweza kutoka kwenye kidani ambacho mtu ameshakinunua na kukivaa.

Hatutumii dawa ya sumu kwa kitu kitakacholala juu ya ngozi. Tunafuata njia ya watunza makumbusho: mbegu zote, nzima na mbovu, tumezifunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kuziweka ndani ya friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 14. Kanuni muhimu ni ya siku ya kutoa. Mfuko usifunguliwe mpaka ufikie joto la chumba, ili umande utue nje ya mfuko na usitue juu ya mbegu. Mbegu iliyoloa umande huota ukungu, na ukungu kwenye tagua huacha madoa yasiyotoka kwa msasa wowote.

17 Juni

Nilikuwa nimewaandikia watu wa Jalapão kuomba kilo 3 za mashina ya nyasi za dhahabu, tuje tuyashone hapa kwa miundo yetu. Jibu limekuja: hapana. Jalapão, katika jimbo la Tocantins, kanuni hairuhusu mashina yatoke nje ya eneo lile yakiwa ghafi. Yanatoka yakiwa yameshashonwa na mafundi wa huko huko, ama hayatoki.

Nakiri nilikasirika kwa dakika kadhaa, maana michoro yangu yote ilitegemea mashina yale. Kisha nikakaa nikafikiri nani angefaidika kama ningekubaliwa. Ningebeba kilo 3 kwa bei ya nyasi, na ule ujuzi wa kushona, ambao jamii kama ya Mumbuca, kijiji cha huko, imeulea kwa vizazi, ungebaki bila mnunuzi. Ukitazama biashara nyingi za mazao ya porini utaona fedha ndogo inabaki kwa aliyechuma na kubwa inakwenda kwa aliyegeuza. Wao wameamua kugeuza wenyewe.

Nimefuta michoro. Nimeandika upya: tunaagiza miduara 40 iliyoshonwa, kipenyo cha sentimita 4, na mafundi ndio wapange bei kwa duara. Wameomba nusu itangulie. Imetumwa.

29 Juni

Siku tatu za kukata na kutoboa. Naandika kwa kirefu kwa sababu makosa yetu mengi yametokea hapa, na mtu mwingine anayeanza na tagua asiyarudie.

Mbegu huzungushiwa kitambaa kabla ya kubanwa kwenye jiliwa, la sivyo meno ya chuma huacha alama. Msumeno uwe wa meno madogo. Katikati ya mbegu karibu kila mara kuna uwazi: mwembamba kama ufa au mpana wenye pembe kama nyota. Vipande 12 vya kwanza nilivitenga vitupwe, nikidhani vimeharibika. Mama akavirudisha mezani kimoja kimoja. "Mwanangu, tundu hili mbegu imezaliwa nalo. Wewe unataka kutoboa jingine la nini?" Tukavipanga kwa ukubwa wa nyota zao, na sasa kidani cha kati kimejengwa juu ya vipande hivyo hivyo, uzi ukipita kwenye uwazi wa asili. Katika michoro yangu hakikuwemo kitu kizuri kama kile.

Kwa shanga za kawaida tunatumia keekee ya milimita 1.5. Drili ikienda kasi, tagua inaungua ndani kwa ndani na mdomo wa tundu unabaki na pete ya kahawia. Enda polepole, toa keekee mara kwa mara iteme unga, toboa hadi nusu kisha geuza utoboe kutoka upande wa pili. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa kutokea unabanduka kigamba.

Maji ni rafiki wa dakika moja. Tone moja la kupoza keekee halina neno. Lakini tagua kwa sehemu kubwa ni manani, sukari iliyofungamana kwa minyororo mirefu, nayo hunywa maji. Vipande 8 vilisahaulika kwenye bakuli usiku mzima. Asubuhi vilikuwa vimelainika, na vilipokauka vilipinda kama magamba ya samaki. Hilo nimeliandika kwenye kadi itakayokwenda na kila kidani: kivue kabla ya kuoga.

Msasa: namba 120, 240, 400, 800, kisha kitambaa cha pamba kwa kusugua tu. Barakoa ivaliwe tangu msumeno wa kwanza. Unga wa tagua ni laini mno, unaelea, na mapafu hayana msasa.

Kuanzia leo kila mtu anaandika dakika zake kwenye daftari. Kipande kimoja, tangu kuondoa ngozi hadi kung'aa, kinachukua dakika 18.

12 Julai

Matokeo ya rangi. Wiki mbili zilizopita tulipaka rangi vipande 20 na kuvibandika dirishani, nusu ya kila kipande ikiwa imefunikwa kwa karatasi ngumu. Leo tumefunua.

Manjano ya unga yalitoa rangi iliyomfurahisha kila mtu siku ya kwanza. Leo upande uliopigwa na jua umebaki rangi ya ukuta mkuukuu. Nimeyaondoa kabisa. Maganda ya vitunguu pamoja na shabu yametoa dhahabu ya kahawia, na tofauti kati ya pande mbili inaonekana kidogo sana. Nili ilivumilia jua vizuri lakini ilishindwa mtihani wa kitambaa: tulisugua kila kipande mara 50 kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na nili ikaacha buluu. Shingo hutoa jasho, na ukosi wa shati la mtu si mahali pa kujifunzia.

Kilichoshinda ni chai nyeusi nzito, kisha maji ya kutu. Tanini ya chai ikikutana na chuma hugeuka nyeusi, kemia ile ile iliyotumika kutengeneza wino kwa karne nyingi. Nyeusi yake ina kijivu ndani, kama mawe ya pwani.

Rangi za mkusanyo basi ni tatu: nyeupe ya mbegu yenyewe, dhahabu ya maganda, nyeusi ya chai.

21 Julai

Mwenzetu mmoja alikuja na kikombe cha tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Ni nzuri kupita zote tulizo nazo. Zimeshikana na kazi ya sonara tangu zamani, India zilikuwa kipimo cha kupimia dhahabu. Alikuwa amezichuma mwenyewe, hakumdhulumu mtu, na mtambaazi wake unaota kila mahali. Kwa kipimo cha haki na cha mazingira, zinapita.

Nimezikataa, na nilimweleza sababu tukiwa tumekaa chini, kwa sababu sikutaka aone nimedharau mkono wake. Tipitipi ina abrini, moja ya sumu kali zaidi zitokazo kwenye mimea. Mbegu nzima ina ganda gumu linaloizuia sumu. Sisi kazi yetu ni kutoboa ganda. Keekee ikipita, unga wenye sumu uko hewani mbele ya uso wa fundi, na shanga iliyotobolewa ikiingia kinywani mwa mtoto anayelala kifuani mwa mama yake haina kinga tena. Mwaka 2011 nchini Uingereza bangili za mbegu hizi zilizokuwa zimeuzwa kwenye maduka ya zawadi ziliitwa zirudishwe kwa sababu hiyo hiyo.

Badala yake tumepata mbegu za Adenanthera pavonina, nyekundu tupu, bapa kidogo, zinazong'aa bila kupakwa kitu. Hazina abrini. Zitatumika chache, kama tone la rangi.

3 Agosti

Tumevuna Coix. Mmea huu ni zawadi kwa mtu wa shanga: punje yake imefunikwa ganda gumu linalong'aa, na tundu liko tayari, juu hadi chini. Unavuta utambi wa ua uliokauka kwa koleo ndogo, unapitisha sindano, kazi imekwisha. Hakuna drili, hakuna unga.

Jambo la kujua ni saa ya kuvuna. Punje za kijani ukizikausha zinabaki dhaifu na rangi yake ni mfu. Zikiwa tayari, zinakuachia kwa mguso mdogo wa kidole, na kwenye shina moja utapata nyeupe, kijivu na kahawia pamoja. Tulipita mara nne katika siku 10. Kila mmea wa kumi tuliuacha bila kuguswa, na punje zake zikianguka zianguke. Jumla kilo 2 na robo.

18 Agosti

Kidani cha majaribio kimekatika. Mmoja wetu alikivaa siku 16 mfululizo, kazini na kulala, kama tulivyokubaliana, na jana uzi ulikatika akiwa anatembea. Shanga 9 zimepotea.

Tulidhani uzi ni mbovu. Ni kitani kilichopakwa nta, na kitani ni nyuzi imara ambayo ikiloa huongeza nguvu, haipunguzi. Tukaitazama ncha iliyokatika kwa kioo cha kukuzia: ilikuwa imesagwa, haikuvutwa. Kosa lilikuwa letu, kwenye midomo ya matundu. Keekee inaacha ukingo mkali ambao jicho halioni, na kila hatua ya mvaaji ule ukingo unakwenda kama msumeno.

Dawa yake ni kuzungusha ncha ya tupa ya mviringo kwenye kila mdomo wa tundu, pande zote mbili, mizunguko mitatu. Shanga 1,100 zilizokuwa zimekamilika zimerudi mezani. Ni kazi ya kuchosha na hakuna atakayeiona. Mama ameongeza sharti lake: fundo baina ya kila shanga na jirani yake, katika vidani vyote, ili hata uzi ukikatika itoke shanga moja tu. Nilimwonyesha hesabu ya muda utakaoongezeka. Akaniuliza kama zile 9 zilizopotea tunaweza kuziomba mti uzitoe tena wiki hii. Mafundo yatafungwa.

26 Agosti

Vibanio. Sikutaka kulabu za chuma shingoni, na suluhisho lilikuwa kwenye historia ya tagua yenyewe. Kabla plastiki haijaenea, mbegu hizi zilisafirishwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini hadi Ujerumani na kwingineko kutengenezwa vifungo vya nguo. Watu walivaa tagua kifuani miaka mingi bila kujua jina lake. Plastiki ilipokuja soko lile likaporomoka, na ni baada ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989 ndipo tagua ilipoanza kutafutwa tena kwa vito na mapambo. Basi kidani chetu kinafungwa kwa kifungo cha tagua na kitanzi cha kitani.

Hereni haziepuki chuma. Tumechagua fedha iliyoyeyushwa upya, isiyo na nikeli, kwa sababu nikeli huwawasha wengi.

5 Septemba

Nimejikwaa kwenye kitu kidogo kabisa, nta ya kung'arisha. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi na juu ya tagua inashika vumbi na alama za vidole. Nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazil, huyeyuka juu ya nyuzi 80, ni ngumu, ni ya mmea, na majani hukatwa bila kuuua mti. Nilikuwa nimeshaagiza.

Kisha nikakumbuka kwamba mwaka 2017 waandishi wa habari wa Ujerumani walionyesha wavunaji wa majani hayo wakifanya kazi katika hali inayokaribia utumwa. Nikamwandikia muuzaji nikimwuliza nta yake imevunwa na nani na wanalipwaje. Alinijibu kwa picha ya jani la kijani na neno "asilia". Nimefuta oda.

Kopo moja la gramu 200 lingetutosha mwaka mzima, na mtu anaweza kusema gramu 200 ni nini. Lakini yule aliyelikata jani lile halikati kwa gramu. Tunang'arisha kwa kitambaa kikavu na mikono, dakika 4 zaidi kwa kipande. Mng'ao wake ni mtulivu zaidi, na sasa naupenda kuliko ule wa nta.

20 Septemba

Leo mavuno yamefunguliwa Jalapão. Kisheria ni kuanzia 20 Septemba hadi 30 Novemba, si kabla. Mmea wenyewe, Syngonanthus nitens, hata si nyasi halisi; ni kishada kidogo cha majani kinachokaa chini kwenye mbuga zenye maji za Cerrado, savana ya Brazil, na kinachochumwa ni bua refu jembamba la ua. Mwezi Agosti bua limeshang'aa na linavutia, lakini mbegu hazijakomaa, na ukilivuta linaweza kung'oka pamoja na kishada kizima. Ikifika mwisho wa Septemba bua limekauka na linatoka peke yake. Mchumaji hukata vichwa vya maua pale pale na kuvitawanya mbugani, ili mbegu zibaki nyumbani.

Malipo yetu ya awali yalifika kwao miezi mitatu iliyopita. Leo nimekuwa nikiwaza juu ya Agosti nzima, bua limeshakuwa la dhahabu, na watu wakaweza kuliacha.

11 Oktoba

Siku ya hesabu, na ndiyo siku iliyoniumiza kuliko zote.

Nilikuwa nimepanga malipo ya karakana kwa kipande: kukata na kutoboa juu, msasa katikati, kupanga na kufunga mafundo chini. Niliona kukata ndiko kugumu, kuna mashine, kuna hatari. Leo nimejumlisha dakika za daftari. Kidani kimoja cha ukubwa wa kati kinachukua saa 5 na dakika 50. Kati ya hizo, mafundo peke yake ni saa 2 na dakika 25. Kwa saa, Mama amekuwa akipata karibu nusu ya anachopata mkata tagua. Tangu Juni.

Nilimfuata na daftari nikamwonyesha, sikujua nianze vipi. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Niliona unaandika dakika, nikasema siku moja atazijumlisha."

Nimekuwa nikiwauliza watu wa mbali wanalipwaje, na mtu anayekaa mita mbili kutoka kwangu sikumuuliza. Tulikaa sote watano, tukasoma daftari kwa sauti, tukakubaliana malipo ya saa yaliyo sawa kwa kazi zote, na tofauti ya miezi minne inalipwa kwanza kabla ya ununuzi wowote mwingine. Tutanunua tagua kidogo mwakani kwa sababu hiyo. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Kwenye kadi za vidani tumeondoa neno "biashara ya haki". Alama ya WFTO hupewa shirika zima baada ya kukaguliwa, na sisi hatujakaguliwa. Badala yake kadi inaeleza mbegu imetoka wapi, imeokotwa vipi, nani alitangulizwa malipo, na saa ngapi zimetumika. Mnunuzi atapima mwenyewe.

16 Novemba

Vidani 44 vimekamilika. Friza tena kwa gunia la pili. Fukusi 3 tu safari hii.

12 Desemba

Miduara ya Jalapão imefika. Tulifungua sanduku dirishani na chumba kikabadilika rangi. Mabua yamezungushwa kama chemchemi kutoka katikati kwenda nje, yameshonwa kwa nyuzi za buriti, mti wa jamii ya mitende wa maeneo yale yale yenye maji, na mishono imepangika ikitoka katikati kama miale. Hakuna rangi iliyopakwa. Tuliagiza 40, wametuma 41. Wa ziada ni mkubwa zaidi, bila maelezo.

Tulikuwa tumepanga kuitoboa ukingoni ili ining'inie. Mama aliushika mmoja, akaupeleka kwenye mwanga, akakataa: sindano yetu ingekata mshono wa mtu. Tumeitundika kwa kitanzi kinachopita nyuma ya mzunguko wa nje, bila kutoboa bua hata moja. Inachukua dakika 11 badala ya 2, na zimeandikwa daftarini.

9 Januari

Tumehesabu. Vidani 57 vimepita mkono wa Mama. Vitatu havikupita: kimoja kina ufa ulioonekana baada ya kukauka, viwili vina shanga nyeusi zisizolingana. Vitafunguliwa, shanga zichambuliwe upya. Kwa hiyo ni 57, na nimewaandikia waliotuagizia 60 kwamba watatu watangoja.

Ule mduara wa 41 tumeutundika ukutani juu ya meza ya mafundo.

Leo asubuhi nimetuma nusu ya fedha Manabí kwa gunia la mwaka huu. Dada yule amejibu kwamba vichala vimechelewa, mvua hazikuja kama kawaida, na ameuliza kama tunaweza kungoja hadi mbegu zianguke, labda Aprili, labda zaidi. Nimemwambia tunangoja.